Chumba Nilichokipima Bila Kuingia

Siku yangu ya kwanza kazini nilichora nyumba isiyo na mlango. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, katika ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, pale Fizi, juu mlimani ambako ukungu wa asubuhi huingia ndani bila kubisha hodi. Bwana Mpima, ndivyo tulivyomwita yule Mbelgiji mwenye kazi ya kupima viwanja na majengo, alinipa karatasi ya miraba, kalamu ya risasi na rula, akaniambia nichore chumba tulimokuwa tumesimama. Nilichora meza, viti viwili, kabati, saa ya ukutani, na hata kofia yake iliyoning'inia msumarini. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu mno, kisha akaniuliza taratibu:

“We iko ndani ya hii nyumba. Sasa utatokea wapi?”

Sikuwa nimechora mlango. Karani mkuu alicheka hata akavua miwani. Mimi sikucheka. Baba yangu, mvuvi wa Swima kule chini ziwani, alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe sasa ni mtu wa bureau, wa ofisini, nami nilijiona tayari nateremka mlima na sanduku langu kichwani, kurudi kwa aibu. Sikufukuzwa. Lakini nikiwaambia vijana wa leo kwamba tangu siku ile nilipima nyumba kwa miaka mingi nikiwa na hofu, wanadhani nawatania.

Ninyi mnapima kwa kijitaa chekundu kinachosoma ukuta chenyewe. Sisi tulikuwa na mita ya kitambaa, iliyoviringishwa ndani ya kikasha cha ngozi. Kitambaa kile kikilowa kilirefuka, na huku kando ya ziwa kila kitu hulowa, kwa hiyo kila asubuhi tulikilinganisha kwanza na fimbo ya chuma iliyokatwa mita moja kamili. Upande wa pili wa mita alishika Mzee Wilondja, mtu wa makamo aliyekuwa amewatembeza wapimaji wengine wengi kabla yangu. Hakujua kusoma, ila jicho lake lilijua ukuta uliopinda kabla mimi sijafungua daftari.

Mchoro wenyewe tuliuita kroki. Kroki ni nyumba kama ungeiondolea paa ukaitazama kutoka juu. Haichorwi kwa urembo, inachorwa ili mtu aliye mbali, ambaye hatafika kamwe, aweze kusema nyumba hii ina thamani gani. Bwana Mpima alinifundisha kuanzia nje: pima pande zote za nje kwanza, kwa sababu ukuta nao ni mali ya mwenye nyumba. Halafu ndani, chumba kwa chumba. Halafu unene wa kuta, unaousoma pale mlangoni. Milango unaichora pamoja na upande inakofungukia, na madirisha yote, hata lile dogo la moshi. Ndani ya kila chumba unaandika kazi yake: sebule, cha kulala, cha akiba. Baraza unaipima peke yake, maana ina paa lakini haina kuta, na ukiichanganya na vyumba unamdanganya mtu mmoja kati ya wawili, mwenye nyumba au serikali. Jiko lililosimama uani, choo na kisima vinachorwa mahali pake, pamoja na umbali wake kutoka nyumbani. Pembeni unaweka mshale wa kaskazini, kipimo cha mchoro, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, kimo mpaka kwenye boriti. Vitanda na makabati huviachi tu, unavisahau kabisa.

“Kitu ya kubeba, hapana chora,” alisema Bwana Mpima. “Kitu ya kushikamana na nyumba, hapana acha.”

Na mwisho kabisa, chini, kulikuwa na maneno ambayo kila mchoraji aliyaandika kwa mkono wake: Nimeingia na kupima vyumba vyote mimi mwenyewe. Kisha sahihi. Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa Bibokoboko, kwenye nyanda za juu, ambako josho la ng'ombe lilitaka kujengwa na nyumba ya mfugaji mmoja ilikuwa katikati ya njia. Nyumba ilikuwa ya duara. Nilipima mara moja, kutoka ukuta mpaka ukuta kupitia katikati, nikaanza kufunga daftari. Mzee Wilondja hakuiachia mita. Alisogea hatua kadhaa akanitazama tu, nikapima tena; akasogea tena, nikapima mara ya tatu. Vipimo vitatu, na hakuna kilichofanana na mwenzake. Nilidhani nimekosea, lakini yeye alisema ndivyo nyumba zilivyo: mtu anajenga kwa mikono, na mikono huchoka upande mmoja.

Mfugaji, mtu mrefu mpole mwenye blanketi begani, alikuwa akitufuata kila tulipokwenda. Mwishowe aliniuliza: “Ukishaweka nyumba yangu ku karatasi, mi nitabakia na nini?”

Nilimwambia atajengewa nyingine, na kweli alijengewa, lakini swali lake lilinifuata mpaka Fizi na halijaniacha.

Baada ya mwaka mmoja hivi nilihamishiwa Baraka, chini ziwani, pamoja na Mzee Wilondja, na hapo ndipo nilipomwoa Riziki, binti wa kijiji cha Mboko. Ndoa ilikuwa bado changa, na yeye alikuwa na mimba ya kwanza, ilipotangazwa habari ya barabara. Msimamizi wa teritware, tuliyemwita Bwana Mkubwa, aliteremka mwenyewe mpaka Mboko akawakusanya watu. Barabara ya kwenda Uvira itapanuliwa, alisema, na nyumba zilizo karibu nayo zitabomolewa. Kila mwenye nyumba atajengewa nyingine kwenye mstari mpya, nyuma ya mashamba ya mihogo, sawasawa na ile aliyokuwa nayo. Mtu mmoja akauliza serikali itajuaje nyumba ilikuwaje, ikiwa imekwisha kubomolewa. Bwana Mkubwa akaninyooshea kidole mimi.

“Kroki yake njo itasema,” alijibu. “Kile haiko ku kroki, hakitajengwa.”

Watu wote waligeuka wakanitazama.

Nyumba ya saba kwenye orodha ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Wasiokulia kwetu watacheka, lakini niwaeleze. Mkwe wako wa kike humkaribii. Ukikutana naye njiani unaingia majanini apite. Jina lake hulitamki, na mpaka leo silitamki, ndiyo maana hamtalikuta hapa. Na chumba chake cha kulala ni mahali ambapo mguu wa mkwe haukanyagi, awe ofisa au awe nani. Ningeweza kumwandikia Bwana Mpima amtume mwingine. Lakini mchoraji wa upande ule nilikuwa mimi peke yangu, na niliogopa ataona sifai. Basi nilikwenda. Mama mkwe aliposikia tunakuja alihamia kwa jirani ili tusionane, na hiyo ilikuwa heshima yake kwangu.

Nilipima nje yote. Nilipima baraza, sebule, chumba cha mbele walimokuwa wakilala shemeji zangu. Nikafika kwenye mlango wenye pazia la kitenge. Mzee Wilondja alisimama na ncha ya mita mkononi akinisubiri. Nami nilisimama. Halafu nikafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyesoma hesabu angelifanya: nikachukua urefu wa nje, nikatoa kuta, nikatoa vyumba nilivyokwisha kupima, na kilichobaki nikakichora kama chumba kimoja kikubwa. Ndani yake nikaandika “cha kulala”. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlango mdogo. Nikauchora kuwa ni mlango wake wa uani. Chini nikaandika yale maneno, kwamba nimeingia na kupima vyumba vyote mimi mwenyewe, nikatia sahihi. Mzee Wilondja aliviringisha mita, macho yake yakiwa bado kwenye pazia.

Kroki zote zilipelekwa Fizi. Nakala zilibaki kwangu Baraka. Siku moja mchana Riziki, aliyekuwa amesomeshwa kidogo na masista, alikuwa akizipanga mezani, akaikuta ya kwao. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza chumba cha nyuma kiko wapi. Nikamwonyesha kile kikubwa. Akasema hicho ni viwili. Nyuma ya chumba cha mama yake, ukishapita ukuta wa matope, kuna chumba kingine chenye mafiga yake, tundu lake la moshi, na ule mlango mdogo wa uani. Ndimo wanawake wanamojifungulia. Mama yake alikuwa mkunga, hilo nililijua. Wanawake walimjia kutoka Swima na hata mbali zaidi. Nilichokuwa sijui ni kwamba wana chumba chao, kwa kuwa wanaume hawakizungumzii na wala hawakaribii upande ule wa ua. Nilikuwa nimeupita kwa haraka mimi mwenyewe, nikitazama chini.

Riziki aliweka karatasi mezani, akashika tumbo lake.

“Bale bamama bote batazalia wapi?” alisema. “Na mi? Ku barabara?”

Nilimwambia nitarekebisha, ila sikujua nirekebishe vipi. Nikiandika Fizi kwamba nimesahau chumba kwa mkwe wangu, watasema ninamwongezea nyumba kwa sababu ni mkwe. Nikinyamaza, chumba kile hakitajengwa. Na hata nikiaminika, maneno yangu ya mwisho yalikuwa ya uongo, yenye sahihi. Nilikuwa bado nazungusha mawazo hayo kichwani wakati bahasha ilipofika kutoka Fizi. Kroki zote zilikuwa zimepigwa muhuri isipokuwa moja. Juu ya nyumba ya saba Bwana Mpima alikuwa amezungushia duara jekundu hesabu zangu za nyuma, akaandika maneno mawili: Nitakuja mwenyewe.

Niliwaza nani amenichongea. Niliwaza shemeji zangu, majirani wa Mboko, hata Mzee Wilondja, na jambo hilo la mwisho naona aibu nalo mpaka leo. Nilipomwuliza karani mkuu wa Baraka kwa kuzungukazunguka, alinisimulia habari ya karani mmoja wa zamani aliyetia sahihi juu ya ghala asilofika, akalala gerezani. Alinisimulia huku akichonga penseli, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Mboko pamoja na Riziki na Mzee Wilondja. Niliomba kupitia kwa mzee, kama desturi inavyotaka: aende akamwambie mama mkwe kwamba nimekosea, na kwamba naomba nyumba yake ipimwe upya bila mimi kuingia. Jibu lilirudi kwamba tuanze, kabla hajaja mtu mwenye uchungu.

Nilisimama nje, nyuma ya ukuta, uso nimeugeuzia ziwa. Ncha ya mita ilipitishwa kwenye tundu la moshi. Ndani Riziki aliushika utepe kwenye kona moja, na mama yake akashika kona nyingine, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine. Kwa chumba cha mwisho ilibidi utepe uvutwe kutoka ukuta wa ndani mpaka kwangu nje, nipate na unene wa ukuta. Hivyo basi, kwa mara ya kwanza tangu nioe, mimi na mama mkwe wangu tulishika kitu kimoja, yeye huku na mimi kule, ukuta ukiwa katikati. Niliushika utepe kwa vidole viwili tu, nikiogopa kumvuta. Nikasikia sauti yake ikimwambia Mzee Wilondja, aliyesimama mlangoni amegeuza mgongo:

“Mwambie mukwe akaze. Mita yake inalegea.”

Nikakaza. Riziki alinitajia namba kwa sauti, nami nikaandika. Nilipojumlisha, hesabu haikufunga. Vyumba pamoja na kuta vilipungua sentimita tisa vikilinganishwa na urefu wa nje. Tukapima tena, vikapungua saba. Nilichukua gomu, kifutio changu, nikataka kuongeza kidogo hapa na kidogo pale, ili ikae sawa kama ile ya kwanza. Mzee Wilondja alikuwa ananitazama.

“Wacha,” alisema. “Ule mama hakujenga na rula.”

Nikairudisha gomu mfukoni. Nikachora vyumba viwili kama vilivyopimwa, na upungufu wake nikauandika wazi. Lakini nilipofika chini, pale pa maneno ya mwisho, kalamu ilikataa. Mwishowe niliandika: Vyumba viwili vya nyuma vimepimwa na mke wangu na mama yake. Mimi sikuingia, kwa kuwa ni nyumba ya mkwe wangu. Niliposaini nilijua kabisa kwamba naandika barua ya kujifukuza.

Bwana Mpima alikuja wiki ile ile, kwa gari la ofisi, ameshika kroki ya kwanza. Nilimpa ya pili kabla hajaniuliza, nikasimama mikono nyuma. Akazisoma zote mbili pale pale barabarani. Kisha akaelekea nyuma ya nyumba kujionea, na hapo akakutana na wanawake wanne wamekaa chini mbele ya ule mlango mdogo. Hawakusimama. Mmoja wao alimwambia kwa heshima kwamba asisogee, ndani kuna mtu. Tulisikia sauti ya mwanamke akiguna, na sauti ya mama mkwe wangu ikimwongoza pole pole. Bwana Mpima alirudi nyuma hatua mbili, tatu, akaja kusimama karibu nami.

“We uliingia mule?”

“Hapana, Bwana.”

“Na mara ya kwanza?”

“Sikuingia vilevile. Niliandika uongo.”

Nilitazama viatu vyake, vumbi la Mboko limevipaka. Akainua kroki ya kwanza.

“Hii inafunga sawasawa, hata nusu sentimita haikosi. Nyumba ya udongo hapana funga hivi. Njo sababu nilijua.” Akainua ya pili. “Hii inakosa saba. Hii ni nyumba.”

Hakuna aliyekuwa amenichongea. Nilijichongea mwenyewe kwa hesabu nzuri mno. Alinipa adhabu, na ilikuwa adhabu ya haki: nyumba zote za mstari ule nizipime upya kwa miguu, hata zilizokwisha kupigwa muhuri, kwa sababu sasa sahihi yangu haikuwa na uzito. Na kuanzia siku ile, alisema, chini ya kroki sitaandika tena kwamba nimeingia kila mahali. Nitaandika nilipoingia, nisipoingia, na nani aliyeingia kwa niaba yangu. Wakati bado anasema, mtoto alilia ndani. Bwana Mpima alitoa kalamu ya wino, akaweka karatasi juu ya goti lake, na ndani ya kile chumba kidogo akaandika yeye mwenyewe: cha kuzalia. Kijengwe.

Kilijengwa. Sebule mpya ilikuja finyu kidogo na baraza ikaelekea upande usiofaa kwa upepo, lakini chumba cha nyuma kilikuwepo, pamoja na mafiga, tundu la moshi na mlango wake mdogo wa uani. Riziki alijifungua humo kabla chokaa haijakauka vizuri.

Niliendelea na kazi ile chini ya mabwana wengi, wa kigeni na wa kwetu, Fizi na Baraka, mpaka macho yakakataa kusoma mita. Hofu haikuniacha, ila nilijifunza kuipa kazi: ilinifanya nirudi kupima mara ya tatu. Vijana wakija kuniuliza ni kitu gani kisikose kwenye kroki ya nyumba, wanangoja niwatajie mshale wa kaskazini au unene wa ukuta. Hayo yamo vitabuni. Mimi nawaambia waandike wasichokiona. Mtu aliye mbali atajenga au atabomoa kwa karatasi yako, na pengo ulilolifunika kwa hesabu nzuri litamwangukia mtu ambaye hata jina lake hulijui, au hulitamki.

Mama mkwe amelala makaburini Mboko sasa, na nyumba ile wanakaa wajukuu. Nikiketi kibarazani mwao naweza kukuchorea chumba cha nyuma nikiwa nimefumba macho: upana wake, mlango unafungukia wapi, tundu la moshi liko kimo gani kutoka chini. Watoto wangu wote sita walizaliwa humo. Mimi nilimpokea kila mmoja mlangoni, na ndani ya chumba hicho sijatia mguu mpaka leo.